Nesi Aliyempakia Mumewe

Kwetu, pembeni ya mji wa Same, mwanamke akipanda pikipiki hukaa nyuma, amegeukia upande, mtoto mgongoni na kikapu mapajani. Nesi hakukaa hivyo hata siku moja. Alikaa mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, na nyuma yake alikaa mume wake, fundi seremala, mtu wa mabega mapana aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima. Nyuma ya seremala kulikuwa na sanduku la mninga alilolichonga mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na chupa ya chai, makande ya jana, koti la mvua na Biblia. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza niliielewa vibaya. Namshukuru Mungu kwamba alinipa miaka ya kutosha kuishi jirani nao hadi nikaielewa.

Jina lake sitaliandika. Halikutumika sana. Mchungaji akitangaza kamati kanisani alisema Nesi, mwenye duka alisema Nesi, na wanawake aliowazalisha walisema Nesi hata baada ya yeye kustaafu na kurudisha funguo za zahanati. Mumewe pekee alimwita Mama Neema, kwa jina la binti yao mkubwa, naye akamwita Baba Neema. Mimi aliniita Mwinjilisti, maana ndiyo kazi niliyoifanya hadi magoti yalipokataa milima.

Kuendesha pikipiki alijifunza kazini. Zahanati ilikuwa na pikipiki moja ya kupeleka chanjo vijijini, na mwanamume aliyepewa kazi ya kuiendesha alikataa kupanda Chome, juu milimani, wakati wa masika. Alisema utelezi ule si wa binadamu. Nesi akamwambia, "Basi nionyeshe gia ziko wapi, uende ukalale." Nilimuuliza miaka mingi baadaye kama hakuogopa. "Nilijifunza kwa hasira," alisema. "Hasira ilipoisha nilikuwa nimeshafika."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno machache aliyokuwa nayo mengi yalikuwa amri. Pumua. Kaa. Lete maji. Nawa tena. Mama aliyedai amemaliza dawa kumbe ameziacha kwenye kabati alikoma, kwa sababu Nesi angemfuata hadi nyumbani, afungue kabati, azitoe na kumnywesha mbele ya mama mkwe. Uongo ulimchukiza kuliko uchafu, na uchafu ulimchukiza sana. Lakini mwanamke huyohuyo mkali nimemkuta kwenye benchi la zahanati amembeba mtoto wa mgonjwa aliyelazwa, mtoto asiyemhusu, akimlisha uji kwa kijiko huku akiwa amechelewa kwenda kwake.

Kabla ya safari alikagua pikipiki kama alivyokagua wajawazito. Alibonyeza tairi kwa dole gumba, akasikiliza injini kwa kichwa kilichoinama, akapitisha kidole kwenye mnyororo na kukinusa. Alivaa suruali, na juu ya suruali akafunga kitenge. Wakifika kanisa lolote la njiani alishusha mguu wa suruali uliokunjwa, akakaza kitenge vizuri, akavua helmeti na kufunga kilemba. Ilimchukua muda mfupi kuliko unaonichukua mimi kufunga viatu.

Barabarani alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, honi kabla ya kila kona, hata kona ambayo haijapitiwa na gari tangu asubuhi. Wanaozijua barabara zetu watanielewa. Kona za kupanda Vudee au Mbaga zimekatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hewa, na katikati unaweza kukutana na lori la tangawizi linaloshuka likiwa limejaa hadi juu. Sheria ya pili ilimhusu anayepakiwa: dereva akiinama, nawe uiname upande huohuo. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Mwili unaona bonde na unataka kuegemea mlimani.

Najua kwa sababu alinipakia mara moja, nilipoitwa Vudee kumwombea mgonjwa. Tulipofika kona ya tatu alisimama, akazima injini, akageuka.

"Mwinjilisti, unafanya nini huko nyuma?"

"Ninaomba, Nesi."

"Unaomba huku unaegemea nje. Chagua moja."

Nikachagua kuomba kimoyomoyo na kuinama alipoinama. Tulifika salama, na mgonjwa aliponiona nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Vijana wa bodaboda pale stendi ya Same hawakuacha kumtania seremala. Walimngoja apite.

"Shikamoo mzee! Leo umepata bodaboda?"

"Marahaba. Nimepata, tena hii haidai nauli."

"Bibi, na mimi nipakie basi, nimechoka kuendesha!"

Nesi alipunguza mwendo akamwangalia yule kijana. "Wewe nilikupokea ukiwa wa bluu, hulii. Nikakupiga kofi ukalia. Unataka la pili?"

Stendi nzima ililipuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo kijana yule akiiona ile pikipiki huwasimamisha wenzake wapishe.

Mimi pia nilidhani zile safari ni matembezi ya wastaafu, watu waliopata muda na hawana wajukuu wa kulea karibu. Kila kiangazi, mahindi yakishaingia ndani, walifunga mlango na kuondoka siku mbili au tatu. Mwaka mmoja Chome. Mwaka mwingine Mbaga na kushukia Kisiwani. Mwingine Mamba, halafu Gonja, kisha uwandani hadi Bendera, na kurudi kwa lami wakiwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Walilala kwa wazazi wa watoto aliowazalisha au kwenye nyumba za wageni za sharika. Jumapili ikiwakuta huko, walisimama na wageni wengine mbele ya kanisa na kutoa salamu kutoka kwetu, nasi wakirudi walitupa salamu za huko. Kuna bibi wa Mamba ambaye sijawahi kumwona, na tumesalimiana kupitia kwao kwa miaka saba.

Seremala ndiye aliyenieleza kilichokuwa ndani ya safari hizo. Tulikuwa karakanani kwake, ananyoosha mguu wa kiti cha kanisa. Alisema kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini mkewe aliitwa akaenda, na yeye alibaki na watoto, na kila alipouliza "Ulikuwa wapi?" alijibiwa jina la kijiji tu, kisha mkewe akalala kwa uchovu. Majina aliyajua yote. Vijiji vyenyewe hakukijua hata kimoja. Nesi alipostaafu alimwambia, "Panda nyuma. Nitakuonyesha kila mahali nilipokuwa."

"Sasa tukifika," seremala aliniambia, "anazima injini na kusema, 'Hapa.' Halafu anasema kidogo tu. 'Hapa mapacha. Mvua. Tochi ilizimika.' Basi. Na mimi namwambia siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini. Neema alikuwa na surua. Au paa lilivuja. Halafu tunakunywa chai."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo anapiga honi tunaendelea. Kwani wewe unataka nini kingine, Mwinjilisti?"

Alisema ziko barabara wamebakiza, na moja ndiyo anayoitaka kuliko zote: ya Shighatini, kule Ugweno. Ndipo Nesi alipoanzia kazi, wameoana karibuni, na Neema akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Alikaa huko miaka miwili, naye seremala akabaki Same na mtoto na mama yake mgonjwa. Kila mwezi ilifika barua, na kila barua ilikuwa na habari za Ziwa Jipe linavyoonekana kutoka dirishani kwake: asubuhi jeupe, jioni rangi ya shaba, mitumbwi imesimama kama sisimizi, ndege wakiinuka wote kwa pamoja kutoka kwenye matete. Mtu asiye na maneno alikuwa amepata maneno kwa ajili ya lile ziwa. Seremala alizihifadhi zote. Alisema alilea mtoto kwa barua zile, na kabla hajafa anataka kusimama kwenye dirisha lile aangalie.

Hapo ndipo linapoingia kosa langu, na sina budi kuliandika.

Kiangazi kimoja waliteleza wakishuka kutoka Mbaga. Hawakuumia, isipokuwa seremala alichubuka kiwiko na sanduku likapasuka kona. Habari zilimfikia Neema, Dar es Salaam, zikiwa zimekua njiani. Alinipigia simu akilia, akaniomba nizungumze na wazazi wake. Wakati huohuo baadhi ya wazee wenzangu wa kanisa walikuwa wakiguna kwa muda mrefu. Kuguna kwao hakukuhusu usalama. Walisema mwanamume anayekaa nyuma ya mkewe mbele ya watoto wa Kipaimara anafundisha nini? Mimi nilijua kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, machozi ya binti na kiburi cha wanaume, lakini niliyabeba kwenye mfuko mmoja nikaenda nayo.

Niliketi kwao, nikapewa chai, nikanena. Nilinena vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua. Nilitaja umri, nikataja ushuhuda, nikataja kichwa cha nyumba. Seremala aliangalia sakafu. Nesi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunionya.

"Unasema tuache, Mwinjilisti?"

"Nasema mpumzike. Mwaka huu."

"Sawa."

Waliipaki pikipiki kwenye banda wakaifunika turubai. Mtu ambaye hakuwahi kumtii mganga mkuu wa wilaya alinitii mimi, kwa sababu nilikuwa nimemfundishia watoto wake Kipaimara. Mwaka ulipita, na mwaka ule macho ya seremala yalianza kumwacha. Kwanza alikosea vipimo. Alikata mbao fupi, akadhani futi ndiyo mbovu. Halafu akawa anagonga mlango uliokuwa wazi. Walipokwenda Moshi daktari aliwaambia ni presha ya macho, kwamba nuru iliyokwisha kuondoka haitarudi, na iliyobaki watajaribu kuilinda. Haikulindika. Kufikia masika ya pili alikuwa anatofautisha mchana na giza, basi.

Hakuna aliyenilaumu. Seremala aliendelea kunikaribisha karakanani, ambako sasa alipiga randa kwa kupapasa, na kazi yake haikuharibika sana. Nesi aliendelea kunipima presha kila Jumatatu. Nilijaribu kuomba msamaha mara tatu. Kila nilipofungua mdomo alinifunga kile kitambaa cha kipimo mkononi na kuniambia nisiongee, namba zitapanda.

Kiangazi kilichopita nilikuwa Ugweno, kwa binti yangu aliyeolewa karibu na Shighatini. Ni kule juu kwenye migomba na baridi, ambako mimi wa uwandani hulala na soksi. Asubuhi moja nikiwa nje naota jua nilisikia honi, mbali, chini kabisa. Kimya. Honi tena, karibu kidogo. Nikahesabu kona kwa masikio na nikajua kabla ya kuona. Binti yangu alitoka jikoni. "Baba, unakwenda wapi bila fimbo?" Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Walipita mbele yangu, na kwenye kona ile ya mwisho niliona jambo ambalo sitalisahau. Nesi aliinama kushoto, kuelekea bondeni, na seremala asiyeona kitu aliinama naye, kwa wakati uleule na kwa kiasi kilekile, kama watu wawili wanaoinama kwa sala moja. Mimi mwenye macho nilishindwa kufanya hivyo Vudee.

Niliwafuata hadi zahanati ya Shighatini. Walikuwa uani, helmeti mikononi, wakinywa maji. Nilimwendea Nesi moja kwa moja nikasema kabla hajatafuta cha kunifunga mkononi.

"Nesi, niliwachelewesha mimi. Mwaka ule angeliona ziwa. Nisameheni."

Seremala aligeuza uso kuifuata sauti yangu. Nesi alifunga chupa ya maji. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana amri ya kutoa. Kisha alisema, "Njoo ndani na wewe. Ni vizuri uwepo."

Muuguzi wa sasa, binti mdogo mchangamfu, alitufungulia nyumba ya zamani ya watumishi, ambayo siku hizi ni stoo. Nesi alimshika mumewe mkono akampitisha kati ya magunia hadi kwenye chumba cha nyuma. Palikuwa na dirisha moja.

"Hapa," alisema.

Seremala alianza na mbao, kama anavyofanya kwenye kila nyumba. Alipapasa fremu. "Mkaratusi. Imepinda. Nani alitengeneza hii?" Akasukuma bawa la dirisha likafunguka kwa shida, akatoa mkono nje kulisalimu ziwa. Mkono haukufika mbali. Uligota kwenye ukuta wa udongo, mlima uliokatwa kupisha nyumba, umeota majani mabichi yenye unyevu, dhiraa moja tu kutoka dirishani. Alipapasa juu, akapapasa chini, akapapasa kulia.

"Mama Neema," alisema taratibu, "ziwa lako ni gumu."

Yule binti muuguzi alicheka halafu akaziba mdomo.

"Halionekani kutoka hapa," Nesi alisema. "Halijawahi kuonekana."

"Na barua?"

"Nilisikia kwa akina mama waliopanda kutoka huko chini kuja kujifungua. Nilikuwa nawauliza. Mmoja alinieleza ndege, mwingine mitumbwi." Alivuta pumzi. "Uliniandikia kwamba mtoto halali usiku. Uliniandikia kwamba mama yako hali chakula, na wewe hulali. Nami ningekuandikia nini, Baba Neema? Kwamba nikifungua dirisha naona udongo?"

Mwanamke aliyefungua makabati ya watu kutafuta uongo! Nilielewa kwa nini barabara hii ameiweka mwisho, mwaka baada ya mwaka, na kwa nini alinitii upesi siku ile niliyowaambia wapumzike. Alikuwa na sababu yake ya kutaka kuchelewa, nami nilikuwa nimempa ruhusa. Sijui kama hilo linapunguza kosa langu. Nadhani halipunguzi. Lakini lilinifanya nisimame kwenye chumba kile kama mtu mmoja kati ya wakosaji wawili, na hiyo ni nafuu.

Seremala alikuwa ameketi juu ya gunia. Mabega yake yalitikisika, na nilidhani analia hadi sauti ilipotoka. Alicheka mpaka akajifuta macho yale yasiyoona.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Nimelea mtoto kwa ziwa la kuambiwa." Alipouliza swali lililofuata hakuwa anacheka. "Wewe mwenyewe uliwahi kuliona?"

"Mara mbili, nikiwa njiani. Nilikuwa na haraka."

"Hukusimama."

"Sikusimama."

Alisimama, akapapasa hadi akaipata helmeti yake, akaivaa na kufunga kamba chini ya kidevu. "Basi tushuke. Twende lilipo."

Ni mbali. Lazima urudi chini kona kwa kona, uuzunguke mlima, uingie njia ya vumbi hadi Jipe. Nesi alinigeukia. "Mwinjilisti, una neno?"

Nilikuwa nalo, na lilikuwa fupi. "Kona ya pili ina changarawe. Nendeni na Mungu."

Nilisimama barabarani nikasikiliza honi zikishuka hadi zikapotea.

Saa tisa simu yangu iliita. Alikuwa seremala, na upepo ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Tumefika, Mwinjilisti. Amenikataza kukanyaga majini, anasema kuna viboko."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yuko hapa, ananiambia." Nyuma yake niliisikia sauti ya Nesi, si ya amri, ikipanda na kushuka, ikitaja matete, na mtumbwi mmoja, na mwanamume aliyesimama ndani yake, na rangi ya fulana ya mwanamume huyo. Nilimwuliza seremala wanarudi lini.

"Ngoja nikupigie baadaye," alisema kwa sauti ya chini. "Bado hajamaliza."